Kuchagua Darubini ya Kutazamia Shabaha ya Mbali

Hili ni somo letu la kusoma na kuhesabu kwa watu wazima. Kila mmoja awe na penseli na karatasi, maana leo tutasoma tarakimu chache na kuzigawanya. Hesabu zenyewe si ngumu. Lakini mtu asiyezijua aweza kutoa fedha nyingi dukani, akarudi nyumbani na chombo kisichomfaa.

Chombo tutakachokizungumza ni darubini. Msiichanganye na hadubini, ambayo ni chombo cha kukuzia vijidudu hospitalini. Darubini huvuta kitu kilicho mbali kikaonekana karibu. Ziko darubini za mabaharia, za kutazama nyota na za kutazama wanyama. Leo twataka ile ambayo walenga shabaha huisimamisha chini kando yao, ili waone risasi imepiga wapi na upepo unakwendaje.

Kwanza tujue mchezo wenyewe. Huko Uingereza, katika jimbo la Surrey, pana mahali paitwapo Bisley. Tangu mwaka 1890 walenga shabaha wamekuwa wakikusanyika hapo kushindana. Kabla ya hapo walikuwa wakishindana Wimbledon, ambako mwaka 1860 Malkia Victoria mwenyewe alifyatua risasi ya kwanza. Tuzo kubwa ya Bisley huitwa Tuzo ya Mfalme, au Tuzo ya Malkia, kadiri ya mtawala aliyeko. Mwaka 1930 mwanamke aliipata kwa mara ya kwanza, naye ni Marjorie Foster. Fainali ya tuzo hiyo hupigwa kwa umbali wa yadi 900 na yadi 1,000. Waingereza wangali wakipima viwanja hivyo kwa yadi. Andikeni: yadi 1,000 ni sawa na mita 914. Basi mtu hulala kifudifudi na bunduki yake, na shabaha yake iko karibu kilomita nzima mbele. Kwa macho matupu ataona kipande cha rangi, kama kipande cha karatasi kilichobandikwa ng'ambo ya bonde.

Labda mtu atauliza, "Bunduki nyingi zina darubini yake juu ya mtutu. Kwa nini mtu anunue nyingine?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake lahusu uhai wa watu. Darubini ya bunduki hutazama mahali mtutu unapotazama. Ukiitumia kutafuta kitu, umeelekeza mtutu kwa kila unachokitafuta. Huko mbele kwenye shabaha kuna watu wanaofanya kazi ndani ya handaki, na wakati mwingine watu huenda kubadilisha karatasi. Mtu asielekeze bunduki mahali penye mtu kwa ajili ya kuchungulia tu. Kwa hiyo kazi ya kutazama ifanywe na chombo kisichoweza kumwua mtu. Tena, katika baadhi ya mashindano ya Bisley darubini juu ya bunduki hairuhusiwi kabisa.

Sasa tuifikie darubini yenyewe. Juu yake, au juu ya sanduku lake, mtaona maandishi kama haya. Mwalimu ayaandike ubaoni: 20-60x80. Tuyasome pamoja. Ishirini hadi sitini, mara, themanini.

Tarakimu za kwanza, 20 hadi 60, zaeleza darubini inavuta mara ngapi. Darubini hii yaweza kuvuta mara 20, na ukizungusha pete yake itaongeza mpaka mara 60. Nyingine zina tarakimu moja tu, kama 30x80. Hiyo huvuta mara 30 siku zote, haiongezi wala haipunguzi.

Tarakimu ya mwisho, 80, ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi ni kile kioo kilichochongwa. Chukueni rula mpime milimita 80. Ni upana wa mdomo wa kikombe cha chai. Lenzi hiyo ndiyo mlango wa mwanga, na mlango ukiwa mpana mwanga mwingi huingia.

Kuvuta mara 20 maana yake nini? Gawanya umbali kwa tarakimu ile. Kitu kilicho umbali wa mita 300, ukikitazama kwa darubini ya mara 30, utakiona kana kwamba kiko mita 10. 300 gawanya kwa 30 ni 10. Kitu kilicho mita 900, kwa darubini ileile, kitaonekana kana kwamba kiko mita 30.

Tuangalie tundu la risasi. Risasi ya milimita 7.62 hutoboa tundu lenye upana wa punje ya mahindi hivi. Jicho zima, penye mwanga mzuri, laweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana milimita 3 hivi kwa umbali wa mita 10. Kwa umbali wa mita 30 sharti viachane milimita 9. Basi kwa mita 300 na darubini ya mara 30, tundu letu linaonekana kana kwamba liko mita 10, na jicho litaliona. Lakini kwa mita 900 linaonekana kana kwamba liko mita 30. Hapo jicho linataka milimita 9, na tundu halifiki 8. Halitaonekana.

Mtu mwingine atasema, "Basi ninunue ya mara 60." Kwa hesabu tupu ana haki, maana 900 gawanya kwa 60 ni 15, na kwa mita 15 milimita 4 na nusu zatosha. Lakini kati ya jicho na shabaha pana kitu ambacho hesabu hiyo haikukitaja, nacho ni hewa.

Nyote mmepata kuona barabara wakati wa jua kali. Mbele yako pana kitu kama maji kinachochezacheza, na ukifika hapo huoni maji. Hayo ndiyo mazigazi. Ardhi iliyopata moto hupasha hewa iliyo juu yake. Hewa ya moto hupanda, na hewa ya baridi huja mahali pake. Mwanga ukipita katika hewa ya namna hiyo hupindapinda, na picha hutetemeka. Darubini huvuta shabaha, na pamoja na shabaha huvuta matetemeko hayo. Ukivuta mara 60 wakati wa adhuhuri, utaona shabaha kama kitambaa kinachosukwasukwa majini. Ukirudisha hadi 25 au 30, picha itakuwa ndogo zaidi lakini yenye utulivu. Ndiyo sababu walenga shabaha wengi wa mbali hutazama kwa mara 20 hadi 30, hata kama darubini yao yaweza kufika 60.

Sasa, kama tundu halionekani kwa yadi 1,000, watu huonaje? Huko Bisley, mbele ya shabaha pana handaki, na ndani yake wamo watia alama. Mtu akipiga, wao huishusha shabaha, hulitafuta tundu, na hupachika hapo kijisahani cha rangi. Kisha huiinua tena, na kibao kingine huonyesha alama alizopata. Darubini ya mara 20 au 30 yatosha kabisa kukiona kijisahani hicho. Siku hizi viko pia viwanja vyenye shabaha za elektroniki, na skrini iliyo kando ya mpigaji humwonyesha risasi ilipopita.

Lakini kijisahani na skrini huonyesha jambo lililokwisha kutendeka. Upepo ndio unaongojea risasi ijayo. Risasi ya bunduki ya milimita 7.62, ikisafiri yadi 1,000, na upepo wa kilomita 16 kwa saa ukiikata ubavuni, yaweza kusukumwa zaidi ya mita 2. Mtu mwenye mkono imara na jicho kali, asipousoma upepo, ataikosa shabaha nzima. Na hapa yale mazigazi tuliyoyalaumu yanageuka kuwa msaada, maana upepo huyachukua, nasi twaweza kuuona kwa darubini.

Hufanywa hivi. Kwanza tazama shabaha, uzungushe gurudumu la kusafishia picha mpaka shabaha ionekane wazi. Kisha lirudishe kidogo, ili darubini isafishe hewa iliyo upande huu wa shabaha. Shabaha itafifia kidogo, na mawimbi ya mazigazi yataonekana waziwazi, yakipita kama maji ya mfereji. Yakienda kulia, upepo unakwenda kulia. Yakilala kidogo tu huku yakipanda, upepo ni mdogo. Yakilala kabisa na kukimbia, upepo ni mkubwa. Na ukizidi kilomita 20 kwa saa hivi, mawimbi hayazidi kulala, hivyo yatupasa kutazama bendera za uwanjani. Yakipanda wima kama mvuke wa chungu, ama hapana upepo, ama upepo unatoka mbele au nyuma moja kwa moja. Hapo usifanye haraka ya kupiga. Mara nyingi upepo wa namna hiyo unageuka, na kufumba na kufumbua utakuwa umehamia upande wa pili.

Tunarudi kwenye hesabu. Hii ndiyo hesabu ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Chukua upana wa lenzi ya mbele, ugawanye kwa idadi ya mara inazovuta. Jawabu ni upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni. Andikeni:

80 gawanya kwa 20 ni 4.
80 gawanya kwa 40 ni 2.
80 gawanya kwa 60 ni 1 na sehemu 3 za kumi.
50 gawanya kwa 60 haifiki hata 1.

Jawabu hizo ni milimita. Mboni ya jicho, yaani kile kitundu cheusi, wakati wa jua kali huwa na upana wa milimita 2 hadi 3. Jioni hupanuka zaidi. Duara la mwanga likiwa na milimita 2 au 3, jicho hushiba. Likishuka chini ya 1, picha ni ya giza, na ukisogeza kichwa kidogo tu inatoweka. Mtu aliyelala kifudifudi, mwenye bunduki begani, hana nafasi ya kutafutatafuta picha.

Kuvuta sana kuna hasara nyingine. Kadiri darubini inavyovuta, ndivyo sehemu inayoonekana inavyopungua, kama kuchungulia katika tundu la ufunguo. Kiwanja kimoja cha Bisley kina shabaha zaidi ya 100, zimepangwa safu moja, kila moja na namba yake. Ukiona shabaha moja tu bila kuiona namba yake, waweza kutazama ya jirani ukadhani ni yako. Mbaya zaidi, waweza kuipiga ya jirani, na alama zako zikapotea.

Sasa sikilizeni mazungumzo haya ya dukani. Tuseme chama cha walenga shabaha kimechangisha fedha kwa miezi mingi, na katibu ametumwa kununua darubini moja ya chama.

"Hodi, Bwana."

"Karibu, Bwana. Nikupe nini?"

"Nataka darubini ya kutazamia shabaha. Wenzangu wamenipa fedha zao, nami nitawajibu wao."

"Umekuja mahali pake. Chukua hii. Inavuta mara 60, na bei yake ni rahisi. Ile pale huvuta mara 30 tu, na ni ghali zaidi."

"Niruhusu nisome kwanza. Hii imeandikwa 20-60x50. Na ile 30x80. Bwana, 50 kwa 60 haifiki 1. Mara 60 hiyo nitaionea wapi?"

"Basi utaitumia kwa mara 20."

"Kwa mara 20 ni 2 na nusu; hapo inafaa. Ile ya pili, 80 kwa 30, ni 2 na nusu na zaidi kidogo, na inavuta zaidi. Tafadhali nizitoe zote mbili mlangoni, nizitazame huku nimeziweka juu ya miguu yake."

Je, katibu achukue ipi? Inategemea kiwanja chao. Kama chama hupiga mita 100 tu, ile rahisi, kwa mara 20, itamwonyesha tundu kana kwamba liko mita 5, nayo yatosha. Hakuna haja ya kumaliza fedha za wenzake. Kama hupiga mita 300 na kupita, ile ya 80 ndiyo itakayowafaa. Kosa kubwa lingekuwa kulipia ile tarakimu 60, ambayo haitatumika siku hata moja.

Alipofika mlangoni alifanya nini? Alitafuta kibao chenye maandishi upande wa pili wa mji, akajaribu kuyasoma kwa darubini ya kwanza, kisha kwa ya pili. Ninyi mliojifunza kusoma mnacho kipimo hiki cha bure. Muuzaji aweza kusifu kioo chake mchana kutwa, lakini herufi ndogo ama zinasomeka ama hazisomeki. Tazameni herufi za katikati ya picha, kisha za pembeni. Halafu tazameni ukingo wa kitu cheusi penye mwanga, kama nguzo mbele ya anga. Ukingo ukiwa na mstari wa zambarau au kijani, lenzi hazikusanyi rangi zote mahali pamoja. Lenzi bora hutengenezwa kwa kioo cha namna maalumu kinachopunguza kasoro hiyo, na hapo ndipo bei inapopanda.

Tazameni pia uso wa lenzi. Ukiigeuza kwenye mwanga utaona rangi hafifu, kijani au zambarau. Huo ni utando mwembamba sana uliopakwa ili kioo kisirudishe mwanga nje. Namna hiyo iligunduliwa mwaka 1935 na Alexander Smakula katika kiwanda cha Zeiss huko Ujerumani. Ndani kuna vioo vingine vyenye pembe, viitwavyo prizimu, vinavyoisimamisha picha; bila hivyo shabaha ingeonekana juu chini.

Umbo nalo lina maana. Darubini nyingine ni nyoofu, nyingine imepindwa nyuma. Kwa mtu anayelala kifudifudi, iliyopindwa mara nyingi ni afadhali, hasa ikiwa na pete inayoiruhusu kuzungushwa ubavu. Aiweke upande wa jicho lisilolenga, ili atazame bila kuondoa bunduki begani. Avaaye miwani aulize umbali wa jicho, yaani jicho laweza kukaa mbali kiasi gani na bado likaona picha nzima. Atake milimita 15 au zaidi. Pungufu ya hapo miwani itamkatia picha pembeni.

Tena ulizeni kama darubini imezibwa na kujazwa hewa kavu ya nitrojeni. Isipozibwa, asubuhi ya umande itaingiwa na ukungu ndani, na hapana kitambaa kitakachoufuta.

Mwisho, miguu yake. Watu hununua darubini nzuri, halafu huiweka juu ya miguu myepesi inayotikiswa na kila upepo. Darubini inayovuta mara 30 huvuta mtikisiko mara 30 pia. Wekeni akiba ya fedha kwa ajili ya miguu mizito, mifupi ya kutosha mtu aliyelala. Ni afadhali darubini ya kadiri juu ya miguu imara kuliko darubini bora inayotetemeka.

Na onyo moja kwa kila mtu, mkubwa na mtoto: usitazame jua kwa darubini kamwe. Mwanga wa jua uliokusanywa na lenzi huunguza jicho mara moja, na jicho lililoungua ndani halirudi. Chombo kisipotumika, funika lenzi. Vumbi lipulizwe kwanza, ndipo lifutwe kwa kitambaa laini; ukifuta mchanga juu ya kioo, umekikwaruza.

Sasa haya ni maswali ya darasa. Mwalimu awape watu nafasi ya kujibu mmoja mmoja.

La kwanza: someni 15-45x65. Inavuta mara ngapi, na lenzi yake ina upana gani?

La pili: ukiitumia kwa mara 45, duara la mwanga lina upana gani? Je, latosha jicho wakati wa jua?

La tatu: shabaha iko mita 600, na darubini inavuta mara 30. Inaonekana kana kwamba iko wapi?

La nne: kwa nini mtu asitumie darubini ya bunduki kuchungulia?

La tano: mawimbi ya mazigazi yanakwenda kushoto na yamelala nusu. Upepo unakwenda wapi, na ni mkubwa au wa kadiri?

Majibu ya hesabu tutayasoma mwanzoni mwa kipindi kijacho. Wakati huo tafuteni nyumbani au kazini chombo chochote chenye tarakimu juu yake, muiandike na kuuliza maana yake, kisha mlete darasani. Tarakimu imewekwa pale ili isomwe na mtu anayelipa.

Kwa herini, wasikilizaji. Tutakutana tena katika somo lijalo.